Mrejesho: Kukimbia vilima vya Chianti, Italia

Wakuu, mimi niliyeomba hapa njia za kukimbia Greve in Chianti, mji mdogo wa Toscana, zisizo na magari mengi, nimerudi. Aliyesema niiogope barabara kuu ya SR222 kama ukoma, ubarikiwe sana.

Nilianzia Piazza Matteotti, penye sanamu ya baharia Verrazzano, nikapanda hadi kijiji cha Montefioralle. Si mbali, ila mlima hauna huruma. Ule ushauri wa kutembea hatua fupi kwenye mwinuko mkali ndio ulioniokoa pumzi. Kijiji chenyewe ni vichochoro vya mawe, unakimaliza kabla jasho halijakauka. Kushuka nikapitia kanisa la San Cresci, njia za changarawe nyeupe katikati ya mizabibu na mizeituni. Viatu vyenye soli ya meno vilisaidia mno, maana kokoto zinateleza.

Kuunganisha njia hadi kijiji cha Panzano kuligoma. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya msituni tope tupu, na ulikuwa msimu wa kuwinda nguruwe mwitu: milio ya bunduki ikawa karibu kuliko nilivyopenda. Nikageuza. Anayeitaka Panzano aende Aprili au Mei.

Ahsanteni wote, na aliyenikumbusha maji pia.