MJADALA: Nguo za kike ziandikwe sentimita, au tuendelee kulaumu miili?

Bint Ngamiani
Asalaam aleikum wana Tanga. Wiki iliyopita niliingia duka moja hapa Ngamiani kutafuta gauni la harusi ya mdogo wangu. Namba 14 ya kwanza ikakwama nyongani. Namba 14 ya pili, ya kampuni nyingine, ikanipwaya kama kanzu ya kuazima. Muuzaji akanambia: "Dada, namba ni za kimataifa, mwili wako ndio una mambo." Lile la kwanza eti litanikaa nikipungua. Aibu ikanishika, nikalilipia. Lipo kabatini linanisubiri.

Kimataifa ipi? Mwaka 1939 na 1940 wizara ya kilimo ya Marekani ilipima wanawake karibu 15,000, na vipimo vya wasio weupe vikawekwa kando. Kiwango chao cha namba za nguo kilichotokana na vipimo hivyo kilitoka 1958, kikafutwa 1983. Siku hizi kila kampuni yajipangia, na zipo zinazoshusha namba makusudi ili mnunuzi ajione kapungua. Tena 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na 40 ya Ulaya. Mwanaume akitaka suruali anasema "kiuno 34", basi. Sisi tunabahatisha.

Hoja yangu: Shirika la Viwango, TBS, lidai kila nguo mpya ya kike iandikwe kifua, kiuno na nyonga kwa sentimita. Mnasemaje?

Mtu wa Belo
Dada, mie nauza mitumba. Belo linakuja limefungwa, lebo nyingine zimeshakatwa. Nikae na futi nipime vipande mia? Bei nitakuongezea wewe. Na serikali huwa haiishii pazuri: mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipanga kuimaliza mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kutufungia AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru, tukarudi nyuma. Rwanda ilikaza, nguo zake zikanyimwa msamaha wa ushuru.

Bint Ngamiani
Nimesema nguo mpya, kaka. Soma vizuri.

Bibi wa Makorora
Wanangu, tatizo hili mmelinunua wenyewe. Doti ya kanga haina namba. Dera halina namba. Joto hili la Tanga mnabananwa na nini?

Mwembamba wa Chumbageni
Shikamoo bibi. Dera nalipenda, lakini ofisini silivai. Na watu hudhani wanaoteseka ni wanene tu. Mie kila shughuli naulizwa kama naumwa, kama nyumbani kunaliwa. Blauzi ikinikaa mabegani, kifuani inabaki na nafasi ya mtu wa pili. Mnene akinenepa huambiwa mume anamtunza. Mie huambiwa kimbaumbau. Hiyo sentimita itawanyamazisha mashangazi? Haitawanyamazisha.

Bibi wa Makorora
Marahaba mwanangu. Hilo la mashangazi ni kweli, na mie nimo.

Fundi Cherehani
Naunga mkono nusu. Miaka yote hii nimepima wanawake, na nawaambia nyonga 110 si kitu kimoja. Mmoja nyonga zake ziko nyuma, mwingine ubavuni. Futi inasoma sawa, lakini sketi ileile kwa wa kwanza itapanda nyuma, pindo likae mshazari. Ndiyo maana suruali za dukani zikikutosha makalio, kiunoni nyuma zinaachama: zimechorwa kwa mtu ambaye kiuno na nyonga zake havitofautiani sana. Sentimita itakusaidia kujua nguo gani usihangaike kuijaribu. Zaidi ya hapo, fundi.

Mtu wa Belo
Fundi anavutia kwake.

Mwembamba wa Chumbageni
Fundi naye ana yake! Unampa kitambaa mita tatu, anakuahidi Ijumaa, Ijumaa yenyewe hajakata. Halafu gauni likibana, nalo ni wewe umenenepa tangu akupime.

Fundi Cherehani
Kuchelewa nakubali. Lakini dada mwenye mada, hilo gauni usilitupe. Ligeuze ndani, utazame mshono wa ubavuni. Nikishona mie huacha sentimita mbili na ushei kila upande, maana najua mwili hubadilika: uzazi, umri, mfungo. Zikiwepo, naliachia, linakutosha bila kupungua hata ratili. Viwandani hupunguza hapo kuokoa kitambaa. Kama TBS wanataka kudai kitu, wadai hicho kabla ya namba.

Bibi wa Makorora
Hapo fundi umesema.

Bint Ngamiani
Nimeligeuza sasa hivi, fundi, na futi ninayo. Nusu sentimita, kisha uzi wa ovaloki. Hakuna cha kuachia.

Fundi Cherehani
Basi lete na kipande cha kitambaa kinachoendana nalo, tutie viraka viwili vya ubavuni. Harusi lini?

Bint Ngamiani
Jumamosi.

Mwembamba wa Chumbageni
Mwambie Alhamisi.