Naomba ushauri: walinzi wa mtaa wetu wamempiga asiye na hatia

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaishi na familia yangu pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako tangu uvamizi wa vijana wa Panya Road wa mwaka 2022, waliokuwa wakiingia majumbani na mapanga, hakuna anayesikia kelele za usiku akabaki na utulivu. Nyumba mbili zilipovunjwa hivi karibuni, mkutano wa mtaa uliamua kila kaya ichangie shilingi 5,000 kwa mwezi kwa ajili ya ulinzi shirikishi, nami niliunga mkono kwa moyo wote.

Wiki mbili zilizopita walinzi hao walimkamata kijana aliyekuwa akitoka kazini saa sita usiku, wakampiga virungu kabla hata ya kumuuliza jina, kumbe ni mpangaji wa nyumba ya nne kutoka kwangu. Anaogopa kulalamika, na hakwenda kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda nayo hospitali. Nilimweleza mjumbe, akanijibu kwamba nikiwavunja moyo walinzi wezi watarudi. Na ni kweli kwamba tangu doria ianze hatujaibiwa, jambo linalonifanya nisite. Hata hivyo, siwezi kuendelea kulipia kipigo cha mtu asiye na kosa.

Je, nianze kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au niende moja kwa moja kwa polisi kata, bila kumtaja kijana huyo? Na huko kwenu, walinzi wakimkamata mtu usiku, mmekubaliana wamfikishe wapi?