Mayai ya kipepeo monaki: kuna mtu kawahi kuwalea nyumbani mpaka wakaruka?

mama_wawili
Habari zenu wandugu. Naombeni msaada wa haraka maana mwenzenu nimeletewa kazi. Tuko Minnesota, mwanangu wa kwanza ana miaka nane na shuleni wamefundishwa hawa vipepeo monaki, wale wa rangi ya chungwa wenye michirizi myeusi wanaohamia Meksiko, basi jana kaingia ndani na majani ya milkwidi kayachuma nyuma ya nyumba (ule mmea wenye utomvu mweupe, huku uko mpaka kando ya barabara) na chini ya majani kuna vijiyai, kila kimoja kidogo kama kichwa cha pini. Nimeviweka kwenye kontena la aiskrimu nikatoboa mfuniko. Sasa: wanakula nini, niweke ndani au nje, na je maji nawapaje? Baba yao ananuna anasema nafuga wadudu ndani ya nyumba. Halafu jirani kaniambia eti ni kosa kisheria, ni kweli au ananitisha tu?

bibi_bustani
Mama wawili pole na hongera 😄 mwaka wa kwanza wa mtoto na monaki ni raha sana usimkatishe tamaa. Kwanza hakikisha ni mayai kweli, maana utomvu ukidondoka ukaganda nao unaacha vidoa vyeupe. Chukua lenzi utazame, yai la monaki lina vimistari vilivyosimama wima kutoka chini hadi kwenye ncha, rangi ya maziwa, na kwa kawaida mama anataga moja moja. Ukiona kundi la vitu vya njano vimebanana kwenye shina hivyo ni vidukari, hao hawana shida na wewe ila wanaunyonya mmea.

Maji usiwape kabisa. Kiwavi anapata maji yake kwenye jani, ukimwekea kisahani atazama afe. Kinachotakiwa ni jani lisikauke, kwa hiyo funga tishu iliyolowa kwenye kikonyo chake, chini tandika tishu kavu. Na hayo matundu ya mfuniko angalia yasiwe makubwa, kiwavi wa siku ya kwanza ni mdogo kuliko unavyofikiria anapita tu. Yai linaanguliwa kama siku 3 mpaka 5, ukiona ncha imekuwa nyeusi hicho ni kichwa chake, kesho au keshokutwa anatoka. Anaanza kwa kula ganda lake mwenyewe halafu ndio anageukia jani. Tahadhari, wakianguliwa kwa nyakati tofauti aliyetangulia anaweza kumla mwenzake ambaye bado yai, kwa hiyo tenganisha.

Chakula ni milkwidi tu, hakuna kingine. Usijaribu mchicha wala sukuma wiki, atakufa njaa huku kaukalia. Wiki ya kwanza hutaona anakula nini, lakini siku za mwisho kabla hajawa pupa (lile ganda analojifungia akigeuka kipepeo) anamaliza jani moja baada ya jingine na mavi yake yanajaa chini, hapo usafi ni kila siku bila kukosa maana unyevu na mavi pamoja ndio ukungu. Usinunue milkwidi ya dukani kabla ya kuuliza kama imepigwa dawa, dawa nyingine zinaingia ndani ya jani kabisa huwezi kuziosha. Na wewe na mtoto mnawe mikono mkishashika, ule utomvu ukiingia jichoni ni hospitali, sio mchezo.

Kontena la aiskrimu litafaa mwanzo tu. Wakikua wahamishie kwenye lile kapu la wavu la nguo chafu lenye zipu, maana kiwavi anapanda juu kabisa kujining'iniza, na kipepeo akitoka anahitaji nafasi ya kukunjua mabawa kuelekea chini. Pakiwa pafupi mabawa yanakauka yamejikunja na huyo hataruka maisha yake.

mpita_njia_tx
Nyongeza toka Texas, na samahani kama nitaharibu furaha kidogo. Hiyo ya sheria jirani yako kasikia ya California, kule idara ya wanyamapori hairuhusu kushika wala kulea monaki wa porini bila kibali. Wewe uko Minnesota, hiyo haikuhusu. Ila Desemba 2024 serikali kuu ilipendekeza monaki waingizwe kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo habari hizo zifuatilie.

Mimi shida yangu ni watu wanaoanza na mayai matano wakinogewa wanajaza nyumba mamia. Kuna kimelea kinaitwa OE, hakionekani kwa macho, mama mgonjwa anadondosha vumbi la vijimbegu vyake kwenye yai na kwenye jani wakati anataga, kiwavi akila ganda kashakula na ugonjwa. Kiwavi mwenyewe unamwona mzima, shida unaigundua mwisho, kipepeo anashindwa kutoka kwenye ganda au anatoka na mabawa yamekunjamana. Ukiwarundika kwenye kapu moja, mgonjwa mmoja anawamaliza wote halafu ukiwaachia unasambaza mtaani. Kwa hiyo wachache, na kila mzunguko ukiisha loweka kapu na vyombo kwenye bleach iliyochanganywa na maji (ile tunayoita jiki nyumbani), suuza, anika juani. Hapa kwetu kusini ni mbaya zaidi kwa sababu watu wanapanda milkwidi ya tropiki, ya maua mekundu na njano, majira ya baridi haifi, inabaki na vimelea mwaka mzima. Ya kienyeji ya huko kwenu inakauka yenyewe na uchafu unaondoka nayo.

Jingine, usiwaweke ndani chini ya taa. Kizazi cha mwisho wa kiangazi ndicho kinachosafiri mpaka Meksiko, na kinajua ni wakati wa kusafiri kwa sababu mchana unafupika, usiku unapoa na mmea unazeeka. Kiwavi anayelelewa sebuleni kwenye hita na balbu mpaka saa sita usiku hayo yote atayajulia wapi? 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwapima waliolelewa ndani, wakaonekana hawaelekei kusini kama wenzao wa porini. Wengine wa Guelph, Kanada, walikuja 2021 wakasema wengi wakiachiwa nje wanajirekebisha wenyewe, kwa hiyo mjadala upo, ila kuweka kapu barazani hakukugharimu kitu. Kivulini lakini, jua kali likipiga kontena la plastiki umewapika.

mama_wawili
Asanteni sana jamani, nimewahamishia barazani na baba mtu kafurahi 😂 Swali, wameshaanguliwa wanakula vizuri ila mmoja tangu asubuhi kajishika ukutani mwa kapu, hataki kula, hatembei, kichwa kama kimechomoza mbele. Mtoto analia anasema amekufa. Nimtoe nimrudishe kwenye jani?

bibi_bustani
USIMGUSE! Huyo anabadilisha ngozi. Anafanya hivyo mara nne akiwa kiwavi, anajifunga kwa uzi wake mwenyewe halafu anatulia hata siku nzima, ukimbandua unavunja ule mshiko na anaweza kushindwa kuivua. Tazama kwa lenzi pale nyuma ya kichwa utaona kofia mpya inaonekana chini ya ngozi. Akimaliza anageuka anaila ile ngozi ya zamani. Wa kuogopa ni aliyelegea, kawa mweusi, anavuja maji, huyo mtoe haraka mtie kwenye friza. Na ukiona aliyening'inia anatoa nyuzi nyeupe ndefu na funza chini, huyo nzi alishamtagia zamani, hana dawa. Ndio maana tunaleta mayai, sio viwavi wakubwa wa nje, wengi wameshatagiwa.

mpwani_wa_gede
Salaam kutoka Gede, Kilifi. Nimesoma nikacheka maana hii kwetu ni kazi ya kuleta unga nyumbani. Mradi wa Kipepeo uko hapa tangu 1993, wanavijiji walio kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanalea vipepeo wa msituni, pupa zinanunuliwa, zinafungwa kwenye pamba zinapelekwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Monaki wenu hatuna, tuna binamu yake mdogo naye anakula mimea ya utomvu mweupe, na huko Nairobi wa jamii hiyo mayai ya madume mengi hayaanguliwi kwa sababu ya bakteria anayerithiwa kutoka kwa mama, unalea wote unakuta majike matupu.

Dada yangu adui ambaye hakuna aliyekutajia hapo juu ni sisimizi. Wakigundua kapu lako, asubuhi utakuta maganda. Miguu ya meza iweke kwenye vikopo vya maji, au paka grisi, na hakikisha hakuna jani linalogusa ukuta likawa daraja lao. Buibui pia, kagua majani kabla hujayaingiza. Na mkeo... eeh mumeo mwambie wadudu hawa wanasomesha watoto huku 😄

mama_wawili
😂😂 nimemwambia. Swali la mwisho kabla sijawachosha, pupa ni za kijani zimekuja na vidoa vya dhahabu, nzuri mno. Nahesabu naona watatoka Septemba na huku usiku umeanza kuwa baridi. Nikiwaachia si watakufa?

mpita_njia_tx
Pupa ni kama siku 8 hadi 15, baridi inachelewesha. Ikigeuka nyeusi ukaona mabawa kwa ndani ni kesho asubuhi. Akitoka muache aning'inie saa kadhaa mabawa yakauke. Chini ya kama nyuzi 13 za Selsiasi hawezi kuruka, kwa hiyo subiri adhuhuri yenye jua, muweke kwenye ua, atajipasha mwenyewe. Mvua ikiwepo mbakize kwenye kapu mpaka kesho, mpe kipande cha tikiti maji. Septemba kwa Minnesota bado wako njiani wengi hajachelewa. Mtoto akitaka kujua dume na jike, dume ana kidoa cheusi kwenye mshipa wa kila bawa la nyuma. Na Monarch Watch wa Chuo Kikuu cha Kansas wanauza vile vistika vidogo vya namba vya kubandika kwenye bawa ili kufuatilia safari yao, walianza 1992, agiza mapema maana vinaisha.

mama_wawili
Vistika nimeagiza sasa hivi. Mtoto kashawapa majina wote, mmoja anaitwa Simba.