Naomba ushauri: Nungwi au Jambiani tukiwa na watoto wadogo?

Habari zenu wakuu. Desemba tunakwenda Unguja tukitokea Dodoma, mara yetu ya kwanza kulala hoteli ya ufukweni. Tunaongozana na familia ya rafiki zetu. Wanangu wana miaka 5 na 2, wa kwao bado ananyonya.

Wenzetu wanataka Jambiani kwa utulivu wake. Mimi naelemea Nungwi au jirani yake Kendwa, kule kaskazini, maana pwani ya mashariki, iliko Jambiani, maji yakipwa yanakwenda mbali mno, na kuogelea mnasubiri yajae. Mke wangu anasema hilo ndilo zuri: wadogo watacheza kwenye vidimbwi bila sisi kuhofia kina. Ana hoja, ila naogopa wale wadudu wa miiba myeusi. Viatu vya maji vya saizi ya mtoto nitavipata wapi?

Jingine, tuchukue vyumba hotelini au nyumba nzima yenye jiko? Huyu wa miaka 2 bila uji hashibi. Gharama mligawanaje na marafiki, kwa kichwa au kwa familia?

Na boti ya kutoka Dar, kwa mtoto anayetapika hata kwenye gari, mlimsaidiaje?