Tupeane uzoefu: sindano ya asumini ndiyo sindano ya kiraka

UmmuKiwanda (Langoni)

Assalam alaykum wenzangu. Kusi limelegea, demani ndiyo hii, na asumini yangu ya kiwandani, huku uani kwangu Lamu, imeamua kunifurahisha. Jana baada ya alasiri nilichuma matumba bakuli zima, nikakaa mkekani na sindano nianze kutunga. Sijafika katikati ya uzi, mume wangu huyo, kanzu yake ya Ijumaa mkononi, kikwapa kimefumuka. Nikaweka asumini kando, nikashona kikwapa, nikarudi kwenye asumini. Sindano ni ile ile. Kanzu nayo ililala usiku kucha juu ya bakuli la maua. Leo amekwenda msikitini ananukia kama bwana harusi, na wenzake wa barazani hawajamwacha mpaka sasa.

Nikamkumbuka mama. Alikuwa na kopo la biskuti ambalo ndani yake hamkuwa na biskuti hata siku moja (sijui ni watoto wangapi tuliodanganyika na kopo lile). Mlikuwa na sindano tatu, uzi mweupe, uzi mweusi, vifungo vya mashati ya watu waliokwisha kufa, na shazia moja, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Shuka kwetu haikutupwa. Ikichakaa pale katikati, mahali pa mgongo, mama aliikata kwa urefu ikawa vipande viwili. Zile kingo za pembeni ambazo bado nzima akazikutanisha katikati, akazishona. Pale palipochakaa pakaenda pembeni, akapakunja upindo. Mshono ulikuwa ukinikwaruza mgongo, siwezi kusema uongo. Lakini shuka iliishi tena miaka. Ikichoka mara ya pili inakuwa foronya, kisha winda la mtoto, kisha kitambaa cha kufutia chimni ya taa.

Basi semeni. Nyumbani kwenu mnashona nini na mnapanda nini, bila kukimbilia dukani? Na mlichoharibu pia semeni, hicho ndicho chenye mafunzo.

Mtukutu_wa_Pwani

Kanzu kulala juu ya bakuli la asumini? Sisi zetu zinalala juu ya kiti pamoja na paka.

MamaWawili (Shela)

Waalaykum salaam dada. Mimi sina kiwanda, nina dari na madebe. Debe la mafuta ya kupikia natoboa chini kwa msumari, matundu matano au sita, natia vigae vya chungu kilichovunjika ili udongo usizibe matundu, kisha mchanga na samadi ya punda. Samadi iwe imekaa mpaka imekauka na haina harufu tena. Ukiitia mbichi inaunguza mizizi. Punda tunao wa kutosha, hiyo haikugharimu kitu ila aibu ya kuonekana na koleo njiani asubuhi.

Mlichoharibu: mwaka juzi asumini yangu ilianza kukauka ncha za majani, kama imepitishwa motoni. Nikaongeza maji, ikazidi. Kumbe nilikuwa naimwagia maji ya kisima cha jirani, na visima vingi vya mjini mna chumvi. Maji matamu ya Lamu yanatoka chini ya michanga yetu huku Shela, haya mengine ni ya kuoshea miguu. Nilikinga maji ya mvua kwenye pipa, nikaimwagilia mpaka chumvi ikashuka ikatoka chini, na kwa wiki chache ikatoa majani mapya.

Halafu mtu akaniambia maji ya kuoshea samaki ni mbolea nzuri. Ni kweli, ni mbolea. Ila aliyenishauri haishi Lamu. Usiku ule paka walikuja, nadhani paka wote wa kisiwa, wakafukua madebe manne wakitafuta samaki mwenyewe. Asubuhi mrehani uko juu ya kamba ya nguo.

BiMkubwa_Mkomani

Wanangu, yeo nimecheka hadi mato yametoka matozi. Paka wa Lamu huwajui wewe MamaWawili? Mimi mrehani wangu naupanda kwenye karai bovu na naliangika juu kwa kamba. Na usiuache mrehani ukatoa maua, ukishatoa mbegu unazeeka, majani yanakuwa madogo na makali. Ukiona kishada cha maua kinaanza, kikate. Hicho kishada ndicho cha kutia kwenye kikuba, lile fungu la maua ya kunukia la wanawake.

Siku hizi sindano naiona lakini tundu lake silioni. Mjukuu wangu akitoka chuoni hunitilia uzi kwenye sindano kumi, nazichoma kwenye mto mdogo, zinanitosha siku mbili.

Kijana_wa_Jeti

Samahanini wazazi, lakini mimi naona haya mambo ya viraka ni kujitia umaskini. Mtumba umejaa, shati la kuvaa mwaka mzima unalipata kwa bei ya chai na mahamri. Nani ana muda?

Tanga_Kuukuu (Matondoni)

Kijana, shati hilo la mtumba umelinunua kwa sababu mtu mwingine hakutaka kushona kifungo. Utalitupa wewe nawe kwa sababu hiyo hiyo. Mimi sikulaumu, nakuhesabia tu.

Mimi ni mwanamume na nashona, aliyekuwa na neno aje Matondoni tuzungumze. Nimeshona matanga tangu nikiwa kijana. Tanga likitatuka baharini hakuna duka, kuna shazia, uzi uliopakwa nta, na kipande cha maradufu kuukuu. Na kipande cha kiraka ni lazima kiwe kuukuu, hili wengi hawalijui. Ukitia kitambaa kipya kigumu juu ya tanga lililochoka, upepo wa kwanza kiraka kinabaki kizima na tanga linachanika pembezoni mwake. Ndivyo ilivyo hata kwa suruali yako ya jinzi. Tafuta suruali nyingine iliyokwisha ndiyo uikatie kiraka. Kipande nakikata kiduara au nakipunguza pembe, kwa maana pembe kali ndizo zinazoanza kubanduka.

Nyumbani natengeneza mikeka. Mkeka ni ukili, kanda zilizosukwa, uliounganishwa mshono kwa mshono, kwa hiyo ukili mmoja ukichakaa huna haja ya kutupa mkeka. Unafumua mishono miwili, ya kushoto na ya kulia, unautoa ule mbovu, unasuka ukili mwingine wa upana ule ule, unaushona mahali pake. Mwaa, yale majani ya kusukia, uloweshe kwanza, mkavu unavunjika. Rangi haitafanana. Mke wangu anasema mkeka wetu una mvi.

Maua sina. Kuna mkadi nyuma ya nyumba, ule mti wa maua ya kunukia, sikuupanda mimi, lakini kila kukiwa na harusi wanawake wanaikumbuka njia.

UmmuKiwanda

"Mkeka una mvi." Ami, hii naichukua.

MwanaMkomani_Ughaibuni

Mimi nawasomea kutoka Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Nyinyi mko demani, huku majani yanapukutika. Lakini msidhani hatupandi. Wakati huu, Septemba na Oktoba, ndio wakati wa kupanda vitunguu vya dafodili. Vinakaa ardhini baridi yote, na mwezi wa Machi vinachomoza maua ya manjano, kila kipande cha nyasi, hata pembezoni mwa barabara za magari. Hiyo ndiyo machipuko yao. Mwaka wa kwanza niliyaona maua hayo nikasimama barabarani nikalia, sijui kwa nini, na hayanukii kama asumini, yananukia kidogo tu.

Hilo la kuharibu ninalo. Nilinunua vitunguu hivyo kwenye mfuko wa wavu, nikauweka jikoni juu ya kabati. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Nimerudi kazini nakuta ameshamenya viwili, ubao na kisu mezani, sufuria motoni, ananiambia "vitunguu vyenu vya huku havina harufu". Ni sumu jamani! Vinatapisha vibaya. Nilizima jiko kabla sijavua koti. Tangu siku ile vitunguu vya maua vinakaa stoo na kikaratasi nilichoandika kwa Kiswahili na kuchora fuvu.

Kuhusu kushona: adui yangu huku ni nondo wanaokula sufu. Unatoa sweta kabatini baridi inapoanza unakuta tundu la ukubwa wa mbegu ya tikiti. Jirani yangu, bibi mtu mzima sana, ndiye aliyenifundisha kutililia, kuziba tundu kwa kusuka uzi. Utoto wake nguo zilikuwa kwa kuponi, serikali yao iligawa nguo kwa kipimo tangu 1941, wakati wa vita, mpaka 1949. Yeye ana kifaa cha mbao kama uyoga cha kutandazia tundu juu yake. Mimi nina kifuu cha nazi, nimekisugua mpaka kinang'aa, nilikuja nacho sandukuni kutoka kwetu. Unakitia ndani ya sweta, tundu likae juu ya mgongo wa kifuu, usivute. Kwanza unapitisha nyuzi za kwenda juu, zimelala sambamba, zikianzia kwenye sehemu nzima ya sweta na kuishia kwenye sehemu nzima. Kisha unapita kwa upande, juu ya uzi mmoja, chini ya uzi mmoja, mstari unaofuata kinyume chake. Bibi yule alidhani atanifundisha wiki nzima. Nilipofika mstari wa tatu mkono ukajua wenyewe: ni kusuka ukili tu. Akanitazama, akanipa soksi za marehemu mumewe jozi nne.

Mtukutu_wa_Pwani

Nazi iliyokunwa Lamu inatililia soksi za Mzungu. Hii dunia.

Fahima_Kofia

Nilichoharibu mimi ni kumwamini fundi mmoja, simtaji na mtaa wake siutaji. Nilimpelekea shati la kaka yangu, kola imekatika pale inapokunjwa shingoni. Nilimwambia ageuze kola: afumue mshono wa shingo, aitoe kola, aigeuze, ule upande wa chini ambao haujaona jua uje juu, aishone tena. Kazi ya nusu saa. Nimekwenda kuchukua, ameikata kola nzima na kuipiga ukanda, shati limekuwa la daktari wa hospitali ya kijijini. Na pesa alichukua. Tangu hapo nageuza mwenyewe, kwa mkono, napiga bandi kwanza kwa uzi wa rangi nyingine ndipo nashona kabisa.

Kofia za vito, hizi za kudarizi vitundu, ndizo riziki yangu, na watu huniletea kuukuu za baba zao. Vile vitundu vilivyozungushiwa uzi vikifumuka kimoja usisubiri vya pili. Kikianza kinamvuta jirani. Ukitaka kuifua, usiikamue. Iloweshe, itie wanga mwepesi, ivishe kwenye sufuria la ukubwa wa kichwa chake, ikauke kivulini.

Swali langu ni la maua: kikuba changu kinakuwa cha kahawia kabla bibi harusi hajatoka. Nakosea wapi?

BiMkubwa_Mkomani

Unachuma usiku yamefunguka, sivyo? Chuma alasiri, tumba likiwa limenenepa na jeupe lakini limefumba. Litafunguka lenyewe uzini kuanzia Magharibi. Sindano ipite kwenye kile kikonyo kirefu, usiguse petali. Petali ikiguswa na kucha tu inaandika alama. Na marashi ya chupa usiyarashie maua, yanaunguza. Ukishatunga, funga ndani ya leso kuukuu uliyoilowesha ukaikamua barabara. Leso mpya haifai kwa kazi hiyo, hainywi maji, ina wanga wa dukani.

Kijana_wa_Jeti

Bibi, na suruali ya jinzi iliyotatuka gotini? Naulizia rafiki yangu.

Tanga_Kuukuu (Matondoni)

Rafiki yako aje na jinzi nyingine mbovu. Uzi ninao. Chai anunue yeye.

MamaWawili (Shela)

UmmuKiwanda, umetuonyesha asumini lakini hukusema kama una vipandikizi.

UmmuKiwanda

Ninavyo dada. Nimekata matawi sita ya urefu wa shibiri moja, yaliyokomaa nusu, nimeondoa majani ya chini na kuyachomeka kwenye mchanga ulioloa, yako kivulini nyuma ya mlango wa jiko. Mawili ni yako, wiki tatu nne hivi yatakuwa na mizizi. Njoo na debe lako. Na maji yako uje nayo, ila yasiwe ya samaki.