Mashtaka ya Ufisadi Yakitupwa, Msimamizi Aliyetia Sahihi Anajibu kwa Nani?

Kila mahakama inapotupa mashtaka ya ufisadi dhidi ya afisa aliyesimamia idara au mradi wa umma, watu wa Mombasa hugawanyika kabla jua halijatua. Barazani Mji wa Kale utawasikia wazee wakisema kwamba mahakama imeshanena, basi mja wa Mungu aondolewe aibu na arudi kazini kwake; vijana wa Kisauni nao huapa kwamba hakimu amekula. Nafungua mjadala huu kwa sababu pande zote mbili zinamkodolea macho hakimu, ilhali wanaofaa kuulizwa ni wengine.

Kwanza tutazame mahakama imefanya nini hasa, maana kesi hazianguki kwa njia moja. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akitaka kuondoa mashtaka, Ibara ya 157 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamtaka apate idhini ya mahakama, na ikiwa upande wake umeshafunga ushahidi, mshtakiwa lazima atangazwe kuwa hana hatia. Akiyaondoa mapema chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria inayoongoza kesi za jinai, mshtakiwa huenda zake lakini anaweza kushtakiwa upya kwa mambo yaleyale; ndivyo ilivyokuwa Novemba 2022, mashtaka ya shilingi bilioni 7.4 yalipoondolewa dhidi ya Rigathi Gachagua, ambaye tayari alikuwa ameapishwa kuwa Naibu Rais. Na hakimu akiwasikiliza mashahidi wa serikali akaona mshtakiwa hana kesi ya kujibu, kifungu cha 210 kinamlazimu amwachilie, wala hana ruhusa ya kujazia pengo la ushahidi kwa hasira za wananchi, hata hasira hizo ziwe za haki kiasi gani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Desemba 2023, mahakama ya Milimani jijini Nairobi ilipomwachilia aliyekuwa Waziri wa Fedha, Henry Rotich, katika kesi ya ufisadi kuhusu mradi wa mabwawa ya Arror na Kimwarer. Upande wa mashtaka wenyewe uliacha kuwauliza maswali wengi wa mashahidi wake, na hakimu akaulaumu waziwazi. Shahidi ameitwa, amesafiri, amekula kiapo, na mwenye kesi hana la kumuuliza! Kuachiliwa kwa namna hiyo hukatiwa rufaa Mahakama Kuu, lakini swali langu linatangulia rufaa: ni nani aliyeamua kwamba maswali yasiulizwe, na mbona haelezi sababu zake kwa maandishi, mbele ya wananchi wanaomlipa mshahara? Ibara hiyohiyo ya 157 inamtaka Mkurugenzi azingatie maslahi ya umma. Maslahi hayo hayazingatiwi kwa kunyamaza.

Sasa niingie kwenye hoja ambayo mawakili wa washtakiwa huipenda sana, kwamba msimamizi hakujua, aliwategemea walio chini yake. Ichukue vocha moja ya malipo uitazame. Kuna sahihi ya aliyeiandaa, kuna ya aliyeikagua, na kuna ya aliyeidhinisha, na hii ya mwisho ndiyo ya mkubwa. Malipo siku hizi hupitia IFMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kusimamia fedha, na idhini hutolewa kwa nywila badala ya kalamu, ila maana yake ni ileile: bila yeye, pesa hazitoki. Nakubali kwamba kumfunga mtu jela kwahitaji ushahidi mzito kuliko sahihi peke yake. Hata hivyo, Sheria ya Kupambana na Ufisadi ya 2003 ilipotungwa haikutaja makusudi tu katika kukiuka taratibu za ununuzi. Ilitaja na uzembe.

Na jela si mlango pekee. Ibara ya 226 ya Katiba inasema kwamba mwenye wadhifa wa umma akiamuru au kuidhinisha matumizi ya fedha kinyume cha sheria, atawajibika kwa hasara iliyopatikana, awe bado ofisini au ameshaondoka. Hiyo ni kesi ya madai, na mizani yake ya ushahidi ni nyepesi kuliko ya jinai. Sisi tunaonunua maji ya mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni tungefaidika zaidi na shilingi zilizorudishwa kuliko na picha ya mkubwa akipandishwa kizimbani Jumatatu na kuachiliwa baada ya miaka.

Wapo watakaosema kwamba ukali huu utawatia watumishi woga wa kutia sahihi, na kazi za kaunti zitakwama. Simbezi mwenye hoja hii. Afisa anaposhtakiwa husimamishwa kazi kwa nusu mshahara, na asiye na kosa akiburutwa kwa faili iliyopikwa haraka, nyumba yake huumia bure. Lakini faili mbovu ndiyo inayomuumiza yeye na ndiyo inayomwokoa mwizi, kwa hivyo hapa mimi na mwenye hoja hii tunalia kilio kimoja.

Mawakili na watumishi wa kaunti, nyinyi ndio ningependa mtangulie kuchangia. Kama Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi ina uwezo wa kudai mali ya umma mahakamani, ni kitu gani kinachozuia madai chini ya Ibara ya 226 yasifunguliwe siku ileile mashtaka ya jinai yanapofunguliwa?