Tupeane uzoefu: mwaka wako wa kwanza na mizinga ya nyuki ya viunzi, ulikosea wapi?

Mwamba wa Kayenze

Wakuu, habari za mihangaiko. Naanza mimi ili wengine wasione aibu.

Mwaka juzi nilichongesha mizinga minne ya viunzi nikaiweka shambani huku Kayenze, Mwanza, juu kidogo ya Ziwa Victoria, kwenye miembe aliyoacha marehemu baba. Kwa asiyeijua, ni sanduku refu ambalo juu yake vimelazwa vijiti vya mbao vilivyobanana, ndiyo viunzi vyenyewe, na kwenye kila kijiti nyuki wanajenga sega moja likining'inia. Hakuna fremu wala waya. Mzinga wa kwanza uliingia nyuki ndani ya wiki tatu tu. Nikajiona mtaalamu, nikaanza hadi kuwashauri watu.

Siku ya kukagua nikavaa ovaroli, gambuti, kofia ya wavu, nikapuliza moshi, nikainua kiunzi cha nane. Sega jipya, jeupe, zito. Nikataka kuona upande wa pili, nikaligeuza kama unavyogeuza chapati. Lilikatika pale pale lilipoungana na kiunzi, likaangukia la jirani, nalo likang'oka. Asali ikatapakaa mpaka kwenye majana, yaani watoto wa nyuki. Nikabaki nimeshika kijiti kitupu kama mtu aliyenyang'anywa mshikaki.

Yaliyofuata mnayajua. Zipu ya shingoni nilikuwa nimeacha wazi kama sentimita mbili hivi. Nilishuka mbio hadi majini. Usiku ule ule sisimizi wakaifuata asali iliyomwagika, na baada ya siku tano mzinga ulikuwa mtupu, wamehama.

Nilichokuja kufundishwa baadaye: sega la mzinga huu halilazwi hata siku moja. Nta mpya ni laini, na joto la mchana linaizidisha ulaini. Ukitaka kuona upande wa pili, zungusha kiunzi kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, sega likiendelea kuning'inia. Au zunguka wewe.

Haya, mwingine.

Mvuvi Mstaafu

Pole mkuu. Ila kukimbilia ziwani si dawa, wanakungoja hapo juu hadi uibuke. Na kwa pande hizo unaweza kutoka kwa nyuki ukaingia kwa mamba.

Fundi Randa

Mimi ni seremala, Buhongwa. Niungame.

Mteja wangu wa kwanza aliniletea mchoro alioutoa mtandaoni, viunzi vya milimita 35. Mimi nikaona hata hiyo ni kazi nyingi, nikampasulia vya 40 ili vitimie haraka. Mzinga ulipendeza, niliupiga randa mpaka unateleza. Baada ya miezi minne ananipigia simu: "Fundi, njoo ufungue mzinga wako." Nikaenda. Nyuki walikuwa wamejenga kwa kukatisha, sega moja limeshika vijiti vitatu. Ukivuta kimoja unapasua vyote.

Nyuki hawafuati mchoro wa fundi. Wana nafasi yao kati ya sega na sega, na kwa hawa nyuki wetu wa Afrika upana wa kiunzi unaowafaa ni milimita 32. Hiyo 35 ni ya nyuki wa Ulaya, wana maumbo makubwa zaidi. Ukikosea milimita tatu kwenye kijiti kimoja huoni kitu, lakini ukifika kijiti cha kumi umeshapotea sentimita tatu, yaani karibu sega zima. Siku hizi nina kipande cha chuma cha 32 kamili, kila kiunzi nakipima hapo kabla hakijatoka karakana.

La pili, chini ya kiunzi, katikati, weka mstari wa nta iliyoyeyushwa, mwembamba kama uzi wa nyavu. Ndiyo kamba ya fundi mwashi kwao. Bila hiyo wanaanzia popote.

Na wanaouliza kwa nini pande za mzinga zinalala kama mtumbwi: ni kwa sababu kwenye ubao ulioinama nyuki hawagandishi sana sega. Pande zikisimama wima utakuwa na kazi ya kukata kwa kisu kila unapofungua.

Mama Nansio

Fundi umenigusa, maana mimi wa kwangu aliupaka rangi ya mafuta ndani na nje. Ndani! Eti usioze.

Tulikuwa kikundi cha akina mama tisa hapa Ukerewe, mizinga sita. Miezi saba hakuna hata nyuki mmoja aliyeingia. Kila jioni mtoto anatumwa kwenda kuchungulia, anarudi anasema "bado, mama". Siku moja nikaona wingu jeusi linapanda toka ziwani, nikapiga kelele kundi hilo linakuja! Wenzangu wakatoka na khanga viunoni. Kumbe ni wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kama moshi na kukujaa puani. Walinicheka mpaka leo.

Aliyetuokoa ni babu mmoja jirani. Alinusa mzinga akatikisa kichwa. Tuliuparua ndani wote, tukauacha wazi kwenye hewa karibu mwezi, kisha tukaufikicha mchaichai mbichi na kuupaka nta ya zamani. Tukautoa juani tukaupeleka chini ya mwembe. Mvua za mwezi wa tatu zilipochanganya na miti kuanza kutoa maua, mizinga minne ikajaa.

Sisimizi nao wana somo lao. Tulining'iniza mizinga kwa waya kati ya miti miwili, waya tukaupaka grisi. Tukajua tumemaliza. Wiki ya pili nakuta mstari wa sisimizi unaingia mzingani. Nikatafuta wanapitia wapi, grisi iko pale pale. Nikainama kabisa. Lilikuwa jani moja la nyasi, moja tu, limerefuka kutoka chini mpaka ncha yake inagusa kona ya mzinga. Walikuwa wanapanda juu yake mmoja mmoja, wametulia kama watu wanaopanga foleni ya kivuko. Tangu siku hiyo kufyeka chini ya mzinga ndiyo kazi yangu ya kwanza, hata kabla ya kutazama nyuki.

Kijana wa Kirumba

Mimi nilienda kukagua nimetoka kula ndizi mbivu mbili. Sikujua. Nikaja kuambiwa harufu anayoiacha nyuki akikuchoma, ile ya kuwaita wenzake, inafanana na ndizi mbivu. Nilichomwa sehemu moja ya mkono mara kumi na moja.

Mwamba wa Kayenze

@Kijana wa Kirumba pole, hahaha. Ukichomwa, kwangua mwiba kwa ukucha upesi, usiubane kwa vidole, halafu puliza moshi pale pale kuifukia hiyo harufu. Na anayevimba mwili mzima au kubanwa pumzi asikae kusubiri, hospitali moja kwa moja. Nyuki si wa kila mtu.

Mzee Kigogo

Mwangaluka, ndiyo salamu yetu Wasukuma. Mimi ni wa Misungwi, nafuga kwa mizinga ya magogo tangu nikiwa kijana, baba yangu alitundika na babu alitundika. Nimesoma yenu yote nikiwa nacheka, lakini nitasema ukweli.

Gogo halina gharama, halina milimita, na nyuki wanalipenda. Ubaya wake ni siku ya kuvuna. Unaingiza mkono gizani, unakata kinachokuja. Inatoka asali, yanatoka majana, inatoka poleni (ule unga wa maua), vyote ndoo moja. Mwaka ambao maua ni machache umeua kundi na hukujua.

Mwanangu aliniletea mmoja wa viunzi. Nilipoufungua niliona kitu ambacho kwa miaka yote hiyo sikukiona: majana yako karibu na mlango, asali iko nyuma. Yamepangwa. Basi unaanzia nyuma, unachukua sega la asali tupu, ukifika kwenye sega lenye majana unafunga. Na asali kidogo unawaachia, kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane huku kwetu maua hakuna. Ukikomba yote wanahama, wala usiseme umelogwa.

Magogo bado ninayo. Nyegere akishusha gogo sihuzuniki sana, akishusha ule wa mbao naumwa.

Mwalimu wa Magu

Mzee wabeja (asante) sana, umesema ambalo semina yetu nzima haikusema.

Kwangu ilikuwa pamba. Nimezungukwa na mashamba ya pamba, na nyuki wanaipenda maana inatoa utamu mwingi. Asubuhi moja nakuta mbele ya mlango wa mzinga ardhi imekuwa nyeusi. Niliokota mmoja nikamweka kiganjani, ulimi umechomoza nje, miguu inatetemeka. Jirani alikuwa amepiga dawa jana yake saa nne asubuhi, saa ambayo wako kwenye maua.

Nilikwenda kwake nikiwa na hasira, nikakuta naye hana habari kwamba nina nyuki. Kosa lilikuwa langu. Sikuwahi kupita kwa majirani kuwaambia. Tukapatana: anapiga jioni, jua likizama na nyuki wamerudi, na ananitumia ujumbe siku moja kabla. Mimi kila nikivuna anapata chupa. Mwaka huu kaanza kuniuliza mzinga ni shilingi ngapi.

Dada wa Igoma

Samahani wakuu, mimi nina kiwanja tu, futi 40 kwa 60, nyumba iko katikati. Naweza kuweka miwili nyuma ya choo?

Mzee Kigogo

Hapana, binti yangu.

Mwalimu wa Magu

Dada, hapana kabisa. Hawa wetu wakikasirika hawachagui, mbuzi aliyefungwa kamba au mbwa aliye bandani anauawa. Manzuki, yaani sehemu ya kuweka mizinga, iwe mbali na nyumba na njia ya watu, wengi wanashauri isipungue mita 300. Tafuta shamba la ndugu, kisha mpitie ofisa nyuki wa halmashauri akuangalizie eneo. Kama ni lazima iwe hapo nyumbani, angalia nyuki wadogo wasiouma. Asali yao ni kidogo lakini watoto watacheza.

Mama Nansio

Nimesahau la aibu kuliko yote. Mavuno ya kwanza tulikata kila sega tuliloliona linang'aa, hata ambalo vijumba havijafunikwa nta. Tulijaza chupa, tukauza. Wiki tatu baadaye mteja kanirudishia, mfuniko umeruka na inatoa povu. Asali ambayo hawajaifunika bado ina maji mengi, inachacha. Siku hizi sega lisipokuwa limefunikwa karibu lote silishiki. Na nikikata naacha ukanda mdogo wa sega juu kwenye kiunzi, wanaanzia hapo hapo kujenga tena.

Pesa za yule mteja tulirudisha. Alirudi kununua mwezi wa kumi na mbili.

Mwamba wa Kayenze

Wakuu, nimerudi shambani sasa hivi, nawaandikia nikiwa kwenye jiwe, gambuti bado miguuni. Mzinga ule niliouharibu umeingiwa na kundi jipya, ni wiki ya sita. Nilikaa pembeni ya mlango kwanza, bila kufungua. Wanaingia na poleni ya njano miguuni, maana yake humo kuna majana ya kulishwa.

Nikafungua kutoka nyuma, jua likizama, moshi kidogo. Vitupu vitano, kisha sega dogo saizi ya kiganja, kisha yale makubwa. Kiunzi cha nane nimekiinua, nimekitazama upande mmoja tu, nimekirudisha.